Ukienda Watamu, Wewe ni Mgeni wa Nani?

Agosti ikikaribia, na Desemba ndiyo usiseme, grupu za WhatsApp za vijana wa kanisa huwaka moto. Mweka hazina anatuma namba ya kulipia. Kuna yule wa kuuliza kama basi lina sehemu ya kuchaji simu. Kuna yule anayetaka kujua kama kaptura zinaruhusiwa ufuoni au mama mchungaji atakuwepo. Kamati ya fulana inabishana kuhusu rangi wiki nzima, lakini kuhusu andiko la mgongoni hakuna ubishi. Mara nyingi ni Zaburi 24:1, ile inayotukumbusha kwamba dunia ina mwenyewe.

Na hiyo yote ni sawa. Kijana wa mjini anahitaji kupumua, bana. Ukiishi Pipeline au Githurai mwaka mzima, dirisha likifunguka unaona ukuta wa jirani na kamba yake ya nguo, basi kuona bahari si anasa. Ni dawa. Siko hapa kukuambia usafiri. Safiri.

Lakini kuna swali ambalo sijawahi kuona likiulizwa kwenye hizo grupu, na ndilo nataka tuketi nalo leo. Tukifika huko, tutakuwa wageni wa nani? Tumeshaandika mgongoni kwamba dunia ina mwenyewe. Sasa huyo mwenyewe, na wale aliowaweka huko kabla yetu, watabaki na nini basi letu likigeuza kurudi Nairobi?

Watu wa mambo ya kitaalamu wana jina la swali hili. Wanaliita utalii endelevu: safari ambayo haimalizi kile ulichokwenda kuona, na ambayo inamwachia mwenyeji kitu cha maana. Ukiweka jina hilo pembeni, utaona ni swali la zamani sana, na kwamba Biblia iliyo kwenye simu yako imelizungumzia kwa undani kuliko kipeperushi chochote cha hoteli. Ngoja nikupeleke mahali ambapo kuna Wakristo walilichukua kwa uzito.

Karo, panga na msitu

Watamu iko Kaunti ya Kilifi, kusini mwa Malindi kidogo. Ukitoka Mombasa kwa matatu unashukia Gede, kisha unakata kulia kuelekea baharini. Wengi wetu huko tunajua mchanga mweupe tu. Lakini upande wa kushoto wa hiyo barabara kabla hujafika Gede, kuna ukuta wa miti unaokwenda kilomita baada ya kilomita. Huo ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 mraba. Ndio kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha misitu mikavu ya pwani ambayo zamani ilifunika sehemu kubwa ya ukanda huu wa Afrika Mashariki.

Ndani yake kuna viumbe ambao wewe na mimi tungedhani ni wa katuni. Kuna sange mwenye pua kama mkonga mdogo na makalio ya rangi ya dhahabu, anayekimbia kama aliyeibiwa simu. Kuna bundi wa Sokoke, mdogo hivi kwamba angetosha kwenye kikombe cha chai ya mkahawani. Kuna mnana aitwaye Clarke's weaver, ndege ambaye ukimkosa Kilifi basi umemkosa duniani, kwa sababu hana kwingine.

Sasa, pembezoni mwa msitu huo kuna watu. Ni wakulima wa mahindi, mihogo na mikorosho, kwenye ardhi isiyo na mvua ya kutegemewa. Tembo wakitoka usiku, shamba linaisha. Nyani wakitoka mchana, kilichobaki nacho kinaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wengi waliuona msitu ule kama kero ya serikali iliyowazunguka, na wapo waliotaka ukatwe wagawiwe mashamba. Ungewalaumu?

Halafu shule zikifunguliwa, barua ya karo inakuja. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa, kwa hivyo hapa sihitaji kuelezwa. Najua vile nyumba hunyamaza barua kama hiyo ikiwekwa mezani. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na msitu nyuma ya nyumba. Mzazi wa Arabuko alikuwa nao. Boriti chache za kujengea, magunia kadhaa ya makaa, gogo la mti mgumu la kuuzia wachongaji, na mtoto anarudi darasani. Ukimwambia mzazi huyo habari za bundi anayetosha kwenye kikombe, atakuangalia tu.

Hapo ndipo mahubiri mengi ya mazingira hufia. Tunamwambia mtu asikate mti, lakini hatusemi mtoto wake atalipiwa na nani.

Njia ya mbao inayolipa karo

Mwaka wa 1983, familia moja ya Kianglikana kutoka Uingereza, Peter na Miranda Harris, ilihamia Ureno na wenzao wachache kuanzisha kituo cha kutunza ndege na mazingira, wakiamini kwamba hiyo ni kazi ya injili kama kazi nyingine yoyote. Walikiita A Rocha, maneno ya Kireno yenye maana ya "mwamba". Leo mashirika yenye jina hilo yako katika nchi nyingi, na Kenya ni mojawapo. Makao yake hapa ni nyumba iliyo karibu na ufuo wa Watamu iitwayo Mwamba, ambapo wageni hulala, na pesa wanazolipa husaidia kazi ya utafiti na uhifadhi.

Kilichonivutia mimi si nyumba. Ni mpango walioanzisha mwaka wa 2001 uitwao ASSETS, na fikra yake ni rahisi mpaka unajiuliza kwa nini haijanakiliwa kila mahali. Kando ya msitu kuna mkono wa bahari uitwao Mida Creek, uliozungukwa na mikoko. Maji yakitoka, ndege kwa maelfu hushuka kula kwenye tope. Basi ikajengwa njia ya mbao inayoning'inia, inayopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Wewe mtalii unalipa kiingilio, unatembea juu ya hiyo njia ikiyumbayumba, unapiga picha zako. Pesa yako inaingia kwenye mfuko wa karo za sekondari za watoto kutoka familia zinazoishi kando ya msitu. Familia hizo nazo zinashirikishwa katika kupanda miti na kujifunza kuhusu msitu wao. Mamia ya wanafunzi wamepitia mpango huo.

Hebu tazama hesabu hiyo vizuri. Mti uliosimama sasa una faida nyumbani. Ndege akila tope kule Mida, kuna mtoto anakaa darasani. Mtalii naye hajaambiwa atoe sadaka. Amelipia kitu alichokitaka, amefurahi, na furaha yake imefika mahali ambapo barua ya karo ilikuwa imefika kwanza.

Na hawako peke yao. Pale Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka wa 1993, si wa kanisa, ambapo wakulima hufuga vipepeo na viluwiluwi vyao kusafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Vipepeo hao wanategemea mimea ya msitu. Ukikata msitu, umeua duka lako mwenyewe. Hekima ni ileile: mlinzi bora wa msitu ni jirani anayeona faida yake.

Adamu alikuwa keateka

Sasa twende kwenye andiko, maana najua kuna mtu hapo amekunja uso akisema, "Mazingira ni mambo ya NGO, sisi tuhubiri wokovu."

Kila mtu anajua Mwanzo 1:28, pale mwanadamu anapewa utawala juu ya viumbe. Tunaipenda hiyo. Lakini ukigeuza ukurasa mmoja, Mwanzo 2:15, unakuta Adamu akiwekwa bustanini na kupewa kazi mbili: kulima na kutunza. Kwa lugha ya Nairobi, Adamu hakukabidhiwa hati ya ploti. Aliajiriwa kuwa keateka. Na sisi sote tunaojua keateka wa ploti tunajua tabia ya yule mbaya. Anajifanya landilodi, anakata maji anavyotaka, anapangisha hata ngazi. Siku landilodi mwenyewe akitokea, anatafuta pa kujificha.

Walawi 25:23 inamaliza kabisa ubishi. Pale Mungu anawaambia Waisraeli kwamba ardhi haiuzwi moja kwa moja, kwa sababu ni yake, na wao ni wageni na wapangaji tu kwake. Na hawa ndio waliokuwa wenyeji! Kama waliozaliwa kwenye ardhi wanaitwa wageni, wewe na mimi tuliofika na basi la kukodi kwa siku tatu tutaitwaje?

Lakini sheria ninayoipenda kuliko zote ni ile ndogo ya Kumbukumbu la Torati 22:6-7, ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa hata siku moja. Inasema hivi kwa kifupi: ukipata kiota njiani, mama ameketi juu ya makinda au mayai, unaweza kuchukua makinda, lakini mama mwache aende zake. Na ahadi inayofuata ni maisha marefu, ahadi inayofanana na ile ya kuwaheshimu wazazi wako. Yaani kula, lakini usimalize chanzo. Chukua faida, uache mtaji. Ukitaka kueleza utalii endelevu kwa mtu ambaye hajakanyaga darasa la chuo, mwambie habari ya kiota hicho. Ataelewa.

Halafu kuna Yesu mwenyewe. Ile habari ya watu elfu tano kulishwa ni matembezi ya nje makubwa kuliko yoyote ambayo kanisa lako limewahi kupanga. Mtume Yohana hata anakumbuka kwamba mahali pale palikuwa na nyasi nyingi. Watu wakala, wakashiba. Sasa angalia alichofanya aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mikate apendavyo. Aliwatuma wanafunzi kuokota mabaki, ili pasipotee kitu, wakajaza vikapu kumi na viwili. Iko Yohana 6:12-13. Mwenye uwezo wa kutengeneza mengine bado aliagiza watu wakusanye. Sisi tusioweza kutengeneza hata punje moja ya mchanga tunaacha chupa chini ya mnazi, halafu tunaingia kwenye basi tukiimba.

Na kwa vile tumetaja chupa, hii hata si hiari. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017. Na tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Ile katoni ya chupa za maji ambayo kamati ya chakula huibeba ndani ya basi ina shida na sheria ya Kaisari kabla hujafika kwa Mungu.

"Lakini dunia si itaisha?"

Hili swali nimelisikia kwa vijana werevu kabisa. Kama mbingu na nchi zitapita, kwa nini tujisumbue na bundi?

Jibu langu ni swali pia. Mwili wako nao si utazeeka? Mbona unapiga mswaki? Hakuna Mkristo anayeacha kumpeleka mamake hospitali kwa sababu kuna ufufuo. Paulo katika Warumi 8 anasema viumbe vyote vinaugua kwa utungu, vikingoja kuwekwa huru pamoja na watoto wa Mungu. Maana yake viumbe viko ndani ya tumaini letu. Si kama maturubai ya mkutano yanayokunjwa wokovu ukiisha.

Na hili si jambo la dhehebu moja. Papa Francis aliandika waraka mzima kuhusu utunzaji wa dunia, Laudato Si', mwaka wa 2015. Novemba mwaka huohuo alikuja Nairobi. Alizungumza kuhusu mazingira katika ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri, na siku iliyofuata akawa Kangemi, mtaani, akizungumza na watu wanaoishi bila maji ya uhakika. Watu wengine waliziona hizo kama ziara mbili tofauti. Ukisoma waraka wake utaona ni jambo moja: anayeumiza ardhi na anayeumiza maskini mara nyingi ni mkono uleule. Wangari Maathai alikuwa amelisema hilo miaka mingi kabla. Alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977 na wanawake wa vijijini waliokosa kuni na maji, akapigwa Karura mwaka wa 1999 akitetea msitu usigawiwe wajenzi, akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2004. Miaka michache baadaye akaandika kitabu kuhusu imani na kuiponya dunia.

Kwa hivyo usiambiwe ni fasheni ya wazungu. Tena kwa hili kanisa lina deni la heshima kwa watu wa Pwani. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo kadhaa kati yake iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008, ilisimama karne nyingi kwa sababu wazee walikataa ikatwe. Wahubiri wengi waliiita misitu ya uchawi, wakapita. Huhitaji kukubali ibada za kaya ili ukiri kwamba waliokuwa bila Kumbukumbu la Torati walimwacha mama kwenye kiota, huku baadhi yetu tulio nayo tukiuza kiota na mti wake. Ukienda Kaya Kinondo karibu na Diani, utaongozwa na mwenyeji, utajifunga kitambaa cheusi, na hata jani huruhusiwi kutoka nalo. Heshima ya namna hiyo tungeipeleka kwenye kila msitu ambao tunasema ni wa Bwana, tungekuwa mbali.

Pesa ya utalii si mwokozi

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Utalii wenyewe una ugonjwa wake.

Kwanza, ni dhaifu. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya Covid, na Pwani ikawa kimya. Njia ya mbao bila wageni haina kiingilio, na karo haijui kama kuna virusi. Ndiyo maana vijana wa hapahapa ni muhimu. Mtalii wa Ulaya akikosa, mtu wa Umoja na Rongai bado anaweza kufika kwa barabara. Sisi ndio wageni ambao hatuhitaji kuvuka mpaka.

Pili, neno "eco" siku hizi linabandikwa hata kwenye ukuta wa saruji uliojengwa juu ya mikoko iliyokatwa. Kupaka bango rangi ya kijani ni rahisi. Uliza pesa inaenda wapi, maji machafu yanaenda wapi, na nani wa kijiji hicho ameajiriwa kwa kazi gani.

Tatu, sisi wenyewe. Wacha tuseme ukweli. Kuna tabia yetu ya kumkazia mwongozaji wa kijijini mpaka anakubali nusu ya bei, tukitoka hapo tunatamba kwamba tumembana. Mchana tumemnyima mtu jasho lake, jioni tunakesha kwa maombi ufuoni. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Mungu. Sidhani spika zetu zitazishinda.

Na kwa vile tumefika kwa spika: Mida na Arabuko si uwanja wa mkutano. Zaburi 148 inaorodhesha wanaomsifu Mungu, na humo kuna wanyama wa mwituni, miti na ndege wenye mabawa. Hiyo kwaya ilikuwepo kabla ya kwaya yetu. Ukiwasha jenereta na mziki kando ya kibanda cha ndege, umezima ibada ili uanzishe ibada.

Kabla hujatuma pesa

Najua unataka kitu cha kufanya, si maneno matupu. Haya hapa, na hakuna hata moja linalohitaji uwe tajiri.

Uliza njia ya pesa. Kati ya kile mnachochanga, ni kiasi gani kitabaki kwa watu wa huko? Kama basi ni la Nairobi, chakula kimebebwa kutoka Nairobi, na hoteli ni ya mtu wa mbali, basi mwenyeji wenu amepata vumbi peke yake. Nunueni samaki kwa mama wa pale. Chukueni mwongozaji wa pale, mmlipe bei yake. Wekeni kiingilio cha Mida kwenye bajeti kama mnavyoweka pesa ya fulana.

Uliza mti. Ule mchongo wa twiga unaomnunulia nyanyako umetengenezwa kwa mti gani? Muhugu ni mti wa msituni unaokua polepole sana, na biashara ya kuchonga imeula vibaya. Wapo wachongaji wanaotumia mwarobaini na mwembe, miti inayopandwa na kukua haraka. Ukiuliza swali hilo wewe, akauliza na mwingine, mwenye kibanda atajua soko linataka nini. Nyanya yako hatajali twiga ametoka kwenye mti upi, lakini msitu unajali.

Acha viumbe walipo. Hifadhi ya bahari ya Watamu ililindwa tangu mwaka wa 1968, na haijadumu muda wote huo ili wewe umtoe kiti cha pweza majini upige naye selfi. Yeye hupumulia majini, huo mchezo kwake ni kukabwa koo. Usisimame juu ya matumbawe, yana uhai. Samaki nao hawali mkate. Wana chakula chao, na hawajakuomba.

Okoteni mabaki. Teueni watu kumi na wawili kabisa, kama mnataka kuwa wa kiroho. Kila mmoja na gunia lake. Chupa za maji ziwe za kujaza tena.

Na kama hela ya Watamu haipo, usikae nyumbani ukisema hili halikuhusu. Karura iko hapo Nairobi, ukishuka Kiambu Road umefika. Mto Nairobi unapita nyuma ya makanisa mengi tu. Hapo hulipi kiingilio, unahitaji glavu na viatu vya mpira.

Kuna aya moja ya nabii Yeremia, ya 8:7, ambayo hunijia nikifikiria Mida. Anasema ndege wa angani wanajua majira yao ya kuja na kwenda, lakini watu wa Mungu hawajui yawapasayo. Kila mwaka, ndege aina ya sululu wadogo hutoka Siberia, wanavuka nchi na nchi, wanafika kwenye lile tope la Kilifi. Wanakula, wanapumzika, wanapata nguvu. Msimu ukifika wanaondoka, na tope linabaki tope, tayari kwa msimu mwingine. Hawana Biblia wala fulana, na wanajua kuwa wageni.

Kwa hivyo leo jioni, grupu ikiwaka, kabla ya swali la kaptura, andika hili: "Jamani, wenyeji wetu watabaki na nini?" Watu watatuma emoji za kucheka. Mwenyekiti atasema hilo litajadiliwa. Usiwe na haraka ya kutuma pesa mpaka lijadiliwe.